Unatoka Emali Kuenda Mombasa Msimu wa Mvua? Hizi Ndizo Nguo za Kubeba na Zile za Kuacha Keja

Kila likizo ya Aprili story ni ileile. Mbogi inachanga pesa, mmoja anatafuta keja ya kulala Bamburi ama Mtwapa, mwingine anabuki treni kwa *639#, na grupu ya WhatsApp inajaa picha za luku zenye watu watadunga ufuoni. Jinzi mpya, njumu nyeupe, hudi ya picha za jioni. Halafu mnashuka Miritini, mlango wa treni unafunguka, na ile hewa inakupiga usoni kama umefunua sufuria ya githeri. Saa moja baadaye mvua inashuka. Kufikia siku ya pili, nguo zote kwa begi ziko na harufu moja, na si harufu ya bahari.

Shida si ati watu wa Ukambani hatujui kuvaa. Shida ni kwamba tunapaki nguo za Mombasa tukitumia akili ya Emali. Hizi ni hali ya hewa mbili tofauti kabisa, na ukishaelewa tofauti yenyewe, kupaki inakuwa kitu ya dakika ishirini. Pia utaokoa chapaa, juu nguo nyingi zenye watu hununua haraka haraka kabla ya safari ndizo hizo hurudi nyumbani bila kuvaliwa.

Tofauti ni nini hasa?

Emali iko zaidi ya mita 1,000 juu ya bahari, na Makueni ni eneo kame. Jua linaweza kukuchoma vizuri sana, lakini hewa ni kavu. Unatoka jasho, jasho linakauka, mwili unapoa. Ukifua tishati saa nne asubuhi, kabla ya lanchi unaivaa. Jioni ikifika baridi inaingia, na Julai bila sweta asubuhi utajua hujui.

Mombasa iko palepale baharini. Mchana wa Aprili na Mei joto linacheza kati ya digrii 28 na 32 hivi. Ukiangalia namba tu utasema, "Aah, hata kwetu hufika hapo." Lakini hewa ya Pwani tayari imejaa maji. Jasho lako linataka kuenda hewani na hewa inakuambia hakuna nafasi, kwa hivyo linabaki kwa ngozi, linateremka mgongoni, linaingia kwa nguo. Mwili nao haupoi, kwa hivyo unatoa jasho lingine. Usiku hakuna ahueni kubwa, joto linashuka kidogo tu. Hudi unayoona ni ya lazima jioni Emali, Mombasa itakuwa mto wa kulalia.

Sasa ongeza mvua. Masika ya Pwani huanza Machi mpaka Mei, na Mei ndio mwezi wenye mvua nyingi zaidi mwaka mzima Mombasa. Upepo wa kusi unaanza kuvuma kutoka baharini kuanzia Aprili hivi, ukileta unyevu na mawimbi makubwa. Mvua yenyewe si ya kunyunyiza siku nzima kila wakati. Mara nyingi inakuja na nguvu, inamwaga, inaacha, jua linatoka kama hakuna kitu kimefanyika, na ile barabara yenye maji inaanza kutoa mvuke. Hapo ndipo unyevu unazidi hata kuliko kabla ya mvua.

Kwa hivyo swali la kuuliza kila nguo kabla iingie kwa begi si "inapendeza?" Swali ni "ikilowa, itakauka lini?"

Jaribio la usiku mmoja

Kuna njia rahisi ya kujua, na haihitaji pesa. Siku tatu kabla ya safari, chukua kila nguo unayotaka kubeba. Ilowe, ikamue kwa mkono, halafu itundike ndani ya nyumba usiku, mahali hakuna jua wala upepo. Asubuhi iguse kwapani, kwa mifuko na kwa mshono wa kiuno. Kama bado ina unyevu hapa Emali penye hewa ni kavu, Mombasa haitakauka hadi siku yenu ya kurudi. Iache.

Jinzi ndio itafeli kwanza. Jinzi ni pamba nzito, na kwa kiuno na mifuko kitambaa kinarudiwa mara mbili tatu. Inakunywa maji, inakuwa nzito kama gunia, na inashika hayo maji siku mbili. Ukitembea nayo ikiwa imelowa inakuchubua mapajani mpaka utembee kama mtu ametoka kupanda punda. Kama lazima ubebe jinzi, vaa ile moja ya safari na uikunje ukifika. Usibebe ya pili.

Hudi, marvin, suruali za trakisuti zenye manyoya ndani, soksi nene na zile tishati nzito za mtindo wa sasa zote ziko kwa laini ileile ya kufeli.

Vitambaa vyenye vinafanya kazi

Pamba si adui. Pamba nzito ndio adui. Shati ya pamba nyepesi, ile ukiishika kwa dirisha unaona mwanga, inapitisha hewa na inakauka. Kitani pia ni safi, ingawa kinakunjana, lakini Mombasa hakuna mtu anakuuliza kuhusu pasi. Kwa wasupuu, magauni ya reyoni yale mepesi yanayoanguka vizuri yanafaa ukitembea mjini, ila yakilowa yanavutika, kwa hivyo usiyatundike kwa waya yakiwa na maji mengi. Yalaze.

Poliesta ni story ya pande mbili. Jezi ya mpira inakauka haraka kuliko karibu kila kitu kwa begi lako, na kwa mvua hiyo ni faida kubwa. Lakini poliesta inashika mafuta ya mwili, na bakteria wa kuleta harufu wanapenda hapo sana. Jezi moja siku mbili mfululizo kwa joto la Mombasa, hata beshte wako wa utotoni atahama kiti. Beba jezi, lakini ifue kila jioni. Dakika tano kwa beseni zinatosha.

Rangi nayo ina siri. Kijivu ndio rangi mbaya zaidi kwa jasho, kila tone linaonekana kama ramani ya Kenya. Nyeupe, nyeusi, samawati iliyokolea na nguo za maua zinaficha. Ila nyeusi inavuta joto mchana na inavutia mbu pia, kwa hivyo iache iwe ya usiku kwa sherehe ya ndani.

Na nguo zote ziwe za kupwaya. Hewa ikipita kati ya nguo na ngozi unapoa kidogo. Nguo ya kubana inazuia hiyo hewa, jasho linakaa, na baada ya siku mbili unapata harara, vile vipele vya joto vyenye vinawasha kama siafu. Kwa mapaja na katikati ya vidole vya miguu unaweza kupata fangasi. Hii ndio sababu chupi inafaa kuwa ya pamba, na inafaa kuwa nyingi kuliko nguo nyingine yoyote. Panga mbili kwa siku.

Usibebe hizi, zinunue huko

Watu wa Pwani wameishi na hii hewa karne nyingi, na walishapata majibu. Dera ni gauni pana, jepesi, linapitisha hewa kila mahali na linakauka ukigeuka tu. Kikoi unakifunga kama kitaulo, kama sketi, kama shuka ya ufuoni. Leso ndio kali zaidi ya zote. Inakuja mbili mbili, kwa hivyo moja unajifunika kwa treni juu kiyoyozi kinaweza kuwa baridi, moja unakalia mchangani. Ikilowa unaikamua na inakauka kabla ya jinzi hata kuanza kufikiria.

Zote hizi ziko tele Biashara Street, Mombasa, na kwa mitumba soko la Kongowea ni dunia nyingine kabisa. Kwa hivyo badala ya kununua nguo za bichi kwa haraka hapa, beba begi nusu na uache nafasi. Mtu wa kujadiliana bei sokoni Emali hatashindwa kujadiliana Kongowea.

Jambo lingine kuhusu dera na leso: Mombasa si ufuo peke yake. Ukienda Mji wa Kale kuangalia Fort Jesus, ile ngome Wareno walianza kujenga 1593, unapita kwa mitaa ya watu wanaishi, na misikiti iko kila kona. Kaptula fupi na bikini ni za mchangani. Ukipita hapo na leso kiunoni ama shati yenye mikono hakuna mtu atakusumbua, na mama wa viazi karai atakuongezea kimoja bila kuombwa. Heshima hailipishwi.

Viatu: waachie vumbi wenyewe

Njumu nyeupe za kitambaa zikilowa Mombasa zinakaa siku tatu kukauka, na siku ya pili unazijua kwa harufu kabla uzione. Sponji ya ndani inashika maji, na soksi ndani inageuza mguu kuwa mweupe, laini na rahisi kuchubuka.

Jibu lenu liko hapa nyumbani. Akala, zile za tairi zenye unaona kwa miguu ya wazee siku ya soko la mifugo. Hazinywi maji, hazitelezi sana, zinashikilia mguu nyuma, na ukitoka kwa matope unazimwagia maji zinakuwa mpya. Watalii hulipa pesa mob kutafuta viatu vya mvua vyenye mzee wa soko anakata kwa tairi kuukuu. Ongeza patipati za bafuni na basi. Jozi mbili, umemaliza.

Lakini tuelewane kuhusu maji ya mafuriko. Kiatu kizuri si ruhusa ya kuvuka. Mvua kubwa ikipiga, mitaro ya Mombasa inajaa na maji yanatoka barabarani yakiwa yamebeba choo, misumari na chupa. Ukiwa na kidonda mguuni, hapo ndipo ugonjwa unaingilia. Na maji yanayotembea yana nguvu kuliko macho yanavyokuambia. Sisi wa huku hatuhitaji kuhubiriwa. Desemba 4, 2021, basi lilisombwa na Mto Enziu kule Mwingi, Kitui, likiwa limebeba watu wa kwaya waliokuwa wanaenda harusi, na zaidi ya watu 30 wakafa. Gari zima. Kwa hivyo matatu ikisimama Changamwe juu barabara imejaa maji, kula njugu, ngoja.

Mwavuli ama koti la mvua?

Wengi hubeba koti zito la mvua na kulivaa mara moja. Koti la plastiki linazuia mvua isiingie, lakini pia linazuia jasho lisitoke. Dakika kumi kwa hiyo hewa na umelowa ndani kuliko mwenye hakuvaa kitu. Mwavuli ni poa kwa mvua ya kawaida, ila upepo wa baharini ukija unaugeuza kuwa dishi ya TV. Kitu cha katikati ni poncho nyepesi, ile iko wazi pembeni. Hewa inapita, begi la mgongoni linafunikwa pia, na ikikunjwa inatoshea mfukoni.

Na mara nyingine jibu ni kulowa tu. Uko kwa kaptula ya jezi na akala, joto ni digrii 29, mvua ya dakika ishirini haikuui. Muhimu ni nguo moja kavu ikungoje.

Nguo kavu ikae kavu

Kila mtu kwa mbogi awe na seti moja takatifu: tishati, suruali nyepesi, chupi, imefungwa isiingie maji, haiguswi mpaka siku mambo yakiharibika. Zamani ungeifunga kwa karatasi ya plastiki ya supa, lakini mifuko hiyo ilipigwa marufuku Kenya tangu Agosti 28, 2017, na faini si ya mchezo.

Njia ya bei rahisi ni mwavuli wako uliovunjika. Kile kitambaa chake hakipitishi maji kwa urahisi. Kitoe kwa vyuma, mpelekee fundi wa nguo, akishone kiwe mfuko wa kamba. Kama mnaenda wengi, ndoo ndogo yenye mfuniko wa kubana inabeba seti za watu watatu, na mkifika inakuwa ndoo ya kufulia.

Nguo iliyolowa usiichanganye na kavu hata dakika moja. Unyevu unahama. Beba mfuko tofauti wa chafu, na uwe wa kupitisha hewa, kama ule wa wavu wa vitunguu. Ukifungia nguo yenye maji mahali hakuna hewa kwa siku moja kwa hilo joto, kuvu inaanza, na vile vidoti vyeusi kwa shati nyeupe ni kazi ngumu kuvitoa.

Kufua Mombasa ni sayansi kidogo

Hapa ndipo wageni wengi wanashangaa. Unaogelea na kaptula, unaianika, inakauka. Usiku inakuwa na unyevu tena na hakuna mvua imenyesha. Hiyo ni chumvi. Chumvi ya bahari inavuta maji kutoka hewani, kwa hivyo nguo yenye chumvi haikaukangi kabisa. Lazima uisuuze na maji baridi yasiyo na chumvi.

Na si kila bomba la Mombasa lina hayo maji. Keja nyingi zinatumia maji ya kisima, na mengi yana chumvi, sabuni inakataa kutoa povu. Ukiona hivyo, tafuta mtungi mmoja wa maji matamu kwa suuza ya mwisho. Inachekesha ukifikiria, juu maji ya bomba ya Mombasa mengine yanatoka chemchemi za Mzima kule Tsavo Magharibi, na hizo chemchemi zinalishwa na mvua ya milima ya Chyulu, ileile unaiona ukitoka Emali kuteremka Kibwezi. Umesafiri masaa kadhaa kuenda kutafuta maji ya nyumbani.

Kukausha, fanya hivi. Kamua nguo, itandaze juu ya taulo kavu, viringisha zote pamoja kama chapati, halafu nyonga kwa nguvu ama uikanyage. Taulo inakunywa maji yaliyobaki. Kisha itundike chini ya pangaboi, si kwa kabati. Feni haileti joto, lakini inafukuza ile hewa imeshiba maji karibu na nguo na kuleta nyingine. Acha nafasi ya ngumi kati ya nguo na nguo.

Mbu: hii si ya kupuuza

Mvua na joto pamoja ni sherehe ya mbu. Malaria unaijua, mbu wake anauma usiku. Lakini Mombasa imewahi kupata milipuko ya dengue zaidi ya mara moja, ikiwemo 2017 na 2021, na chikungunya ikaingia mwisho wa 2017 hadi 2018. Mbu wa hizo mbili anauma mchana, na anazaana kwa maji yaliyosimama kwenye mitungi na matairi karibu na nyumba. Neti ya usiku haikusaidii saa nne asubuhi ukiwa barazani.

Ndio maana kwa orodha kuna suruali moja ndefu nyepesi na shati moja ya mikono mirefu, zote rangi nyepesi, na dawa ya kupaka. Ukirudi Emali na homa kali, viungo vinauma kama umepigwa, usijitibu na panadol na kunyamaza. Enda hospitali, na uwaambie kwamba ulikuwa Pwani. Hiyo sentensi moja inabadilisha vipimo vyenye daktari ataagiza.

Orodha ya siku nne, begi moja

- Tishati ama shati nyepesi nne, moja iwe ya mikono mirefu
- Kaptula mbili, moja ya kuogelea
- Suruali ndefu nyepesi moja. Kwa wasupuu, gauni moja ama dera ya kununua huko
- Chupi nane, zote pamba
- Leso moja ama kikoi, na taulo nyembamba
- Akala na patipati
- Kofia na poncho
- Sabuni ya kufulia, kamba ya mita tatu, pini kumi
- Dawa ya mbu
- Seti takatifu, kwa mfuko wake

Wasee wa Kitui wenye mnateremka na barabara ya Mutomo mpaka Kibwezi, orodha ni hiyohiyo.

Kabla ya kutoka, angalia anga

Jambo la mwisho kabla ya kufunga zipu ni utabiri wa Idara ya Hali ya Hewa. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilikuwa kinakaribia Afrika Mashariki, na kilitua kisiwa cha Mafia, Tanzania, tarehe 4. Kenya tulikuwa pembeni tu, lakini bado serikali ilisimamisha kuogelea na shughuli za ufuoni Pwani. Mtu aliyekuwa amelipia keja wikendi hiyo aliangalia bahari kwa dirisha.

Tahadhari kama hiyo ikitoka, sogeza safari. Mkiwa tayari huko na bendera nyekundu iko juu ama mnasikia radi, tokeni majini na mkae ndani nusu saa baada ya ngurumo ya mwisho. Hakuna luku ya kupigana na radi.

Zingine zote zinapangika. Leo jioni lowesha hiyo jinzi, itundike ndani, halafu kesho asubuhi iguse kiunoni kabla ubishane na sisi.